Pango si Faida: Maneno kwa Mwenye Nyumba ya Kupangisha



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulitamani na wachache hulihesabu, nalo ni nyumba ya kupangisha. Mkulima akipata mavuno mema ya korosho, au mtumishi akistaafu na kupokea kiinua mgongo chake, aghalabu fikira yake ya kwanza ni hii: "Nitakwenda mjini, nitanunua kiwanja, nitajenga vyumba, kisha nitakaa barazani nikila pango mpaka mwisho wa siku zangu." Fikira hiyo si mbaya. Nyumba ni mali ya kweli; huonekana kwa macho, haiibwi usiku, na watoto huirithi. Lakini nyumba ya kupangisha ni kazi, kama vile shamba lilivyo kazi. Na mtu asiyeijua kazi hiyo huweza kupoteza shamba na nyumba pamoja.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja juu ya lugha. Watu wengi huita "kodi" fedha anayolipa mpangaji, na huita "kodi" vilevile fedha inayolipwa kwa Serikali. Ili tusichanganyikiwe, jioni hii nitasema "pango" kwa ile ya mpangaji, na "kodi" kwa ile ya Serikali.

Mfano wetu utakuwa nyumba ambayo kila mtu wa Dar es Salaam anaijua. Ukipita Ilala, Temeke au Magomeni utaiona: nyumba ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, ukumbi mrefu katikati, baraza mbele, na nyuma ua wenye jiko na choo. Zilikuwapo nyingi Kariakoo pia, mtaa uliopata jina lake kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ijapokuwa siku hizi maghorofa yamechukua mahali pa nyingi katika hizo. Nyumba hiyo yafaa sana kwa kupangisha, kwa kuwa mwenyewe huweza kukaa katika chumba kimoja na kupangisha vitano.

Na sasa niwape kisa, maana nisiposema nimejifunza wapi, mtadhani nasoma maneno ya kitabuni.

Nilikuwa na mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, mkulima wa korosho wa upande wa kusini. Alikuwa mtu wa bidii, asiyekunywa wala kucheza kamari. Kwa miaka mingi aliweka fedha kidogo kidogo, kisha akaja Dar es Salaam akanunua kiwanja pembeni mwa jiji, akaanza kujenga nyumba ya vyumba sita kama hiyo niliyoitaja. Kuta zilipofika juu, fedha ilikwisha. Paa halikuwapo. Akaenda kwa mtu mmoja aliyekuwa akikopesha fedha, naye akamwambia kwamba atampa shilingi 1,000,000, ila aweke nyumba rehani.

Mjomba hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la saba, nami nilisifiwa nyumbani kwa kusoma upesi. Akaniita, akanipa ile karatasi ya mkopo, akasema, "Mwanangu, nisomee." Nikasimama katikati ya wazee nikaisoma tangu mwanzo hata mwisho bila kukwama hata mara moja. Wazee wakanisifu. Mjomba akaniuliza, "Ni sawa?" Nikajibu, "Ni sawa, Mjomba." Akatia dole gumba.

Katika karatasi ile palikuwa na maneno haya: riba ni shilingi 10 kwa kila shilingi 100, kwa mwezi. Mjomba alidhani kwamba kwa kila shilingi 100 atalipa 10 mara moja tu, basi. Mimi niliyasoma maneno "kwa mwezi" kwa sauti, lakini sikusimama juu yake. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la tano. Riba ya shilingi 1,000,000 kwa kiwango hicho ni shilingi 100,000 kila mwezi. Chumba kimoja siku zile kilipangishwa kwa shilingi 15,000. Vyumba vitano ni shilingi 75,000. Basi hata kama mjomba asingekula wala kuvaa, pango lote la nyumba yake lisingetosha kulipa riba, licha ya mkopo wenyewe.

Nyumba ikaezekwa. Wapangaji wakaja, na kama ilivyo desturi ya mji ule, kila mmoja alitoa pango la mwaka mzima kwa mara moja. Mjomba akashika mkononi shilingi 900,000. Hajapata kuona fedha nyingi hivyo kwa siku moja. Akalipa riba ya miezi miwili, na iliyobaki akamwoza binti yake, arusi ambayo watu waliisimulia mtaa mzima. Mwezi wa nne mvua kubwa ikaja na upepo, mabati ya upande mmoja yakang'oka, kwa kuwa fundi alikuwa ametumia misumari michache. Vyumba vitatu vikalowa. Wapangaji wakasema, "Mzee, tengeneza, au uturudishie fedha zetu." Hakuwa na ya kutengeneza wala ya kurudisha. Na mkopeshaji naye alikuwa mlangoni.

Mwaka haukuisha. Nyumba iliuzwa, deni likalipwa, na kilichobaki hakikutosha kununua hata kiwanja. Aliyeinunua alikuwa mtu mwema. Alimwacha mjomba akae katika kile chumba cha mbele, kwa pango. Hivyo mjomba wangu aliishi miaka yake ya mwisho akiwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini kila nilipokwenda kumwamkia na kuketi naye katika baraza ile, niliikumbuka sauti yangu mwenyewe ikisema, "Ni sawa, Mjomba."

Basi, wasikilizaji, tuyatazame makosa yaliyoiua nyumba ile, tuone jinsi ya kuyaepuka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba pango ni faida. Pango si faida. Pango ni kama mavuno yaliyo shambani bado: ndani yake mna mbegu ya mwaka ujao, mna ujira wa vibarua, mna fungu la ndege na panya. Kile kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chakula chako. Twaeni kalamu, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme nyumba imegharimu shilingi 30,000,000, pamoja na kiwanja. Tuseme chumba kimoja hupangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Sisemi kwamba hilo ndilo pango la mtaa wako. Nataka tu hesabu iwe nyepesi. Vyumba vitano kwa miezi 12 ni shilingi 3,000,000. Mtu mwenye haraka husema, "Kila mwaka milioni tatu, miaka 10 nyumba imerudisha fedha yake." Haya, na tuanze kutoa.

Chumba hakikai na mtu daima. Mmoja hutoka, mwingine hajaingia, chumba hupakwa chokaa, siku hupita. Tuseme kila chumba hukaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka: hiyo ni shilingi 250,000. Tena yuko mpangaji atakayehama usiku na deni la miezi miwili: shilingi 100,000. Matengenezo nayo: mlango, kitasa, bati, nyufa, mchwa. Wenye ujuzi wa kazi hii husema uweke kila mwaka walau shilingi 1 kwa kila shilingi 100 ya thamani ya nyumba. Kwa nyumba yetu ni shilingi 300,000. Kutapisha choo, taa ya ukumbini, na maji ya uani: tuseme shilingi 200,000. Kodi na ada za Serikali: tuseme shilingi 300,000. Mwisho, akiba ya hatari, ambayo nitaieleza baadaye: shilingi 250,000.

Jumla ya yote hayo ni shilingi 1,400,000. Katika shilingi 3,000,000 zimebaki shilingi 1,600,000 tu, yaani kupita nusu kidogo. Na ukigawa gharama ya nyumba kwa salio hilo, utaona kwamba nyumba haitarudisha fedha yake kwa miaka 10, bali kwa miaka 19 kasoro kidogo. Je, nasema usijenge? Hasha. Miaka 19 si mingi kwa kitu kitakachosimama miaka 50 kikitunzwa. Nasema ujenge ukijua. Mtu aliyejiandaa kwa miaka 19 hatafadhaika mwaka wa tano. Aliyeahidiwa miaka 10 na nafsi yake atafadhaika, na katika fadhaa yake ataacha kutengeneza paa.

Kosa la pili ni mkopo usiopimwa. Kukopa si aibu. Hata matajiri hukopa. Lakini deni la nyumba hulipwa na salio, wala si na pango zima. Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme mwenye nyumba alikopa benki shilingi 10,000,000 kwa riba ya shilingi 16 kwa 100, kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi 1,600,000. Mmeona? Ni salio lote, wala mkopo wenyewe haujapunguzwa hata senti moja. Hapo nyumba inamfanyia kazi mkopeshaji, na mwenye nyumba ni mlinzi wake asiyelipwa. Kanuni ninayoishika mimi ni hii: malipo yote ya deni kwa mwaka, riba pamoja na mkopo, yasizidi nusu ya salio. Nusu ya pili ndiyo mto wa kulalia siku ya mambo mabaya. Ikiwa deni halitoshei katika nusu hiyo, basi jenga vyumba vitatu kwanza, vitatu vingine uvijenge baadaye.

Nanyi mkiletewa karatasi ya mkopo, tafuteni maneno manne kabla ya yote: riba ni kiasi gani, ni kwa mwezi au kwa mwaka, huhesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya kile kilichobaki, na rehani ni kitu gani. Jambo lisiloeleweka lisitiwe sahihi. Tena kumbukeni kwamba Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 hutaka idhini ya mke au mume kabla nyumba wanayoishi haijawekwa rehani. Sheria hiyo si kizuizi; ni jicho la pili, na macho mawili huona kuliko moja.

Kosa la tatu ni kula pango la mwaka kwa siku moja. Desturi ya kupokea pango la miezi sita au la mwaka mzima ina raha yake na ina sumu yake. Fedha ile iliyo mkononi mwako si yako yote leo. Ni yako mwezi kwa mwezi, kadiri mpangaji anavyokaa. Paa likianguka mwezi wa nne, miezi minane iliyobaki ni deni lako kwake. Basi ukipokea pango la mwaka, ligawe mafungu 12, na kila mwezi uchukue fungu moja tu. Mafungu mengine yakae benki, au katika chama cha kuweka na kukopa, mahali ambapo mkono wako haufiki kwa urahisi. Kukopa arusi kulipa matanga, walisema wazee wetu, na mjomba wangu alikopa arusi ile kwa wapangaji wake bila kujua.

Kosa la nne ni kukosa daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mwenye nyumba halihitaji elimu kubwa. Upande wa kushoto andika fedha iliyoingia: tarehe, chumba, jina la mpangaji, kiasi, na ni ya miezi gani. Upande wa kulia andika iliyotoka: tarehe, kazi, fundi, kiasi. Mwisho wa mwezi jumlisha pande zote mbili. Kila mpangaji apewe stakabadhi, hata akiwa ndugu. Ninyi wanafunzi, hapa mnaweza kuwafaa wazazi wenu kuliko mnavyodhani. Mtoto ajuaye kujumlisha na kutoa aweza kushika daftari la nyumba nzima kwa nusu saa kila mwisho wa mwezi.

Sasa nizungumze juu ya hatari, maana nyumba ina maadui wengi, na si wote waonekanao.

Adui wa kwanza ni ardhi yenyewe. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na raia hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo, ununuapo kiwanja, hununui mchanga. Unanunua haki, na haki huonekana katika hati. Kabla ya kutoa fedha, nenda ofisi ya ardhi uulize kiwanja kile kimeandikwa kwa jina la nani, kina deni au kesi, na kimewekwa kwa matumizi gani. Waulize majirani. Muulize mwenyekiti wa mtaa. Watu wengi wameuziwa kiwanja kimoja wawili, na wa pili alijua habari siku ya kuleta matofali.

Ndugu zetu wa Mombasa wana fundisho lao la pekee katika jambo hili. Kule, tangu zamani, katika mitaa mingi mtu hujenga nyumba ya Kiswahili juu ya ardhi ya mtu mwingine na kumlipa mwenye ardhi fedha kila mwezi. Huitwa nyumba bila ardhi. Familia nyingi zimepata makao na riziki kwa njia hiyo. Lakini ardhi ikiuzwa kwa mwingine, mwenye nyumba hujikuta ana kuta na mabati tu, na pa kuvisimamisha hana. Ikiwa wataka kununua nyumba ya namna hiyo, bei yake isiwe bei ya nyumba yenye ardhi. Na makubaliano na mwenye ardhi yawe ya maandishi.

Adui wa pili ni maji. Kiwanja cha bondeni ni rahisi, na urahisi wake una sababu. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam; Bonde la Msimbazi lilifurika, watu wengi wakafa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Walikuwako mabondeni wenye nyumba waliokuwa wakipokea pango mwezi uliotangulia. Mto huikumbuka njia yake hata ukikaa miaka 20 bila kuipita.

Adui wa tatu ni tamaa katika ujenzi. Tarehe 29 Aprili mwaka 2016, usiku wa mvua, ghorofa la vyumba vya kupangisha lilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa, nayo nyumba ile ilikwisha kutiwa alama ya kubomolewa kabla ya hapo. Mwenye nyumba anapopunguza saruji au nondo, au anapoongeza ghorofa juu ya msingi usiopimwa kwa kazi hiyo, hafanyi biashara, anaweka rehani roho za watu. Wapangaji ni wageni wako. Wamelala chini ya paa lako kwa kukuamini.

Adui wa nne ni moto. Waya wa umeme uliofungwa na mtu asiye fundi, na jiko la mkaa ndani ya chumba, vimeteketeza nyumba nyingi. Ziko kampuni za bima zinazokubali kulipa nyumba ikiungua, mradi umelipa ada ya kila mwaka. Uliza bei yake, soma masharti yake kama vile ungesoma karatasi ya mkopo, kisha linganisha: je, waweza kuijenga tena nyumba hii kwa fedha yako mwenyewe? Ikiwa huwezi, bima si anasa.

Adui wa tano huwezi kumzuia, nao ni mabadiliko ya sheria na ya nyakati. Mwezi wa Aprili mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sitaki hapa kupima jambo lile kama lilikuwa jema au baya. Nasema tu kwamba yule aliyekuwa ametia kila senti yake katika jengo moja aliona riziki yake ikigeuka kwa siku moja. Basi usiweke mayai yote katika tenga moja. Shamba lisiuzwe lote ili nyumba ijengwe.

Na kodi za Serikali nazo hubadilika. Mwaka 2021 kodi ya majengo katika Tanzania ilianza kukusanywa kwa njia ya luku, yaani mtu anunuapo umeme hukatwa kidogo kidogo. Mara ugomvi ukazuka katika nyumba nyingi, kwa kuwa anunuaye umeme ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Andikeni jambo hilo katika mkataba, mpangaji arudishiwe fedha yake. Katika Kenya, tangu tarehe 1 Januari 2024, mwenye kupata pango la nyumba za makazi kati ya shilingi za Kenya 288,000 na 15,000,000 kwa mwaka hulipa shilingi 7 na nusu kwa kila 100. Na kodi hiyo hutozwa juu ya pango lote, bila kutoa gharama. Mtu aliyehesabu faida yake kabla ya kodi hiyo amehesabu fedha isiyo yake.

Kwa ajili ya maadui hawa wote ndipo palipo ile akiba ya hatari. Kiasi chake kifike pango la miezi sita ya nyumba nzima. Katika mfano wetu ni shilingi 1,500,000. Ukiweka shilingi 250,000 kila mwaka, kwa miaka sita imetimia. Fedha hiyo haiguswi kwa arusi wala kwa sikukuu. Ni ya bati lililong'oka, ya ukuta uliopasuka, ya miezi ambayo vyumba vitatu vi vitupu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauzibwi kwa maneno.

Mwisho, niseme juu ya mpangaji mwenyewe. Wenye nyumba wengi humwona kama ng'ombe wa kukamuliwa. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mojawapo ya manung'uniko yao makubwa lilikuwa ubaya wa nyumba na ukubwa wa pango. Pango likipita kipato, halilipwi. Hilo ni jambo la hesabu kabla halijawa jambo la huruma. Tazameni: mpangaji mwema alipaye shilingi 45,000 na kukaa mwaka mzima hukupa shilingi 540,000. Mwingine alipaye 50,000, lakini chumba kikakaa kitupu miezi miwili kwa ajili ya kuhamahama, hukupa 500,000. Nani kakufaa? Basi mtengenezee mlango wake aombapo. Usiingie chumbani mwake bila hodi. Ikiwa hawezi kulipa, zungumza naye mapema, mbele ya shahidi, na yaandikwe. Ikiwa hapana budi kuachana, fuata mkataba na sheria. Usitupe vyombo vyake nje, kwa kuwa kesi moja huweza kula pango la mwaka.

Wasikilizaji wangu, mama yetu alipofariki alituachia mimi na dada yangu nyumba ndogo ya vyumba vinne. Tunapangisha vitatu. Kila mwezi pango likiingia, dada yangu huligawa katika bahasha nne: ya matengenezo, ya Serikali, ya hatari, na ya kula. Bahasha ya kula hujazwa mwisho, na miezi mingine huwa nyembamba sana. Lakini paa halivuji, na hatudaiwi na mtu.

Nanyi vijana, jambo moja la mwisho. Siku moja mzee wa kwenu atakuita, atakupa karatasi, atasema, "Mwanangu, nisomee." Usisome upesi ili usifiwe. Soma polepole. Ukifika penye tarakimu, simama, utwae kalamu, uhesabu mbele yake. Ukifika penye neno usilolijua, sema, "Mzee, hapa sikuelewa, na tukamuulize ajuaye." Hakuna aibu katika maneno hayo. Mimi nisingeyaona aibu siku ile, mjomba wangu angekufa katika nyumba yake.